Kipima Umeme Nacho Hupimwa

Vijana wangu wa bisibisi na koleo, nyinyi mnaofika kwangu hapa Kasese na kifurushi kilichoshuka kwenye basi asubuhi, nawajua hata kabla hamjabisha hodi. Mtu mwenye kipimo kipya hutembea kifua mbele. Anasalimu haraka haraka, anachomoa mfukoni ile kalamu nene yenye ncha nyeupe, kisha anauliza, "Mama Nafula, hii ni orijino?"

Nami humjibu neno moja tu: sijui. Halafu namwambia akae, tuipime.

Kalamu ninayosema ni kile kipima umeme kisichogusa shaba. Unakisogeza karibu na waya, juu ya plastiki yake, na kama ndani mna moto, yaani umeme, kinalia na kuwaka taa nyekundu. Ni kitu kizuri. Msije mkasema Nafula amezeeka, anachukia vitu vya kisasa. Nimekitumia mpaka siku niliyoning'iniza mkanda wangu wa kazi ukutani. Lakini kipimo ni shahidi, na shahidi huulizwa kwanza kama alikuwepo na kama macho yake yanaona. Hilo sikulisoma mahali. Nililiona Karusandara, mwenzangu alipoanguka kutoka juu ya ngazi, na nikalimalizia Bwera, kwenye duka la mama mmoja wa Kongo. Nitawaeleza yote mawili, lakini lazima nianze na Thembo.

Baba yangu alitoka Kenya, upande wa magharibi, akaja huku kuchimba shaba. Nikazaliwa kwenye nyumba za wachimbaji. Siku moja alinikuta nimefungua redio yake kwa kisu cha jikoni. Hakunipiga. Alinipeleka kanisani Jumapili akanionyesha mzee mmoja mfupi, mwenye masharubu kama brashi ya viatu, akasema, "Huyu mtoto anaharibu vitu. Mfundishe kuviharibu vizuri." Huyo ndiye Thembo, fomeni wa mafundi umeme kwenye kiwanda cha saruji. Zamani alikuwa askari, na jeshi halikumtoka. Tulimwita afande hata mbele ya mkewe.

Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya waya uliotoka ukutani.

"Simama! Mikono nyuma! Iko na moto ama hakuna?"

"Sijui, afande."

Nilidhani atanifukuza. Akacheka mpaka masharubu yakatetemeka. "Vizuri! Mutu anasema sijui, huyo ataishi. Yule anasema najua, huyo tunazika."

Wakati ule kipimo chetu kilikuwa balbu kwenye holda, na waya mbili ndefu. Thembo alikuwa na sheria moja. Kwanza unagusisha balbu mahali unapojua pana moto, iwake. Pili unaiuliza kuhusu ule waya wenye shaka. Tatu, hata kama haikuwaka, unarudi pale pa kwanza, iwake tena. "Amusha, uliza, amusha," alikuwa akisema. Kwa nini kuamsha mara ya pili? Kwa sababu balbu inaweza kufa katikati ya safari. Na alikuwa mjanja yule mzee. Ukigeuka kuchukua kitu, analegeza balbu kidogo kwenye holda, kisha anakaa kimya akikutazama. Ukisema "Afande, hakuna moto" bila kurudi pale pa kwanza, unabeba rola la kebo begani na kuzunguka karakana huku wenzako wakiimba. Nilibeba. Nilipobeba mara ya pili nilijiambia, haitakuwa tena, na haikuwa tena.

Baadaye niliondoka kiwandani nikafanya kazi zangu mwenyewe, nyumba, maduka, mashine za kusaga, pamoja na Bwambale. Huyu tulijifunza naye mikononi mwa Thembo, na kwa kupanda hakuwa na mfano. Alipanda ngazi kama anakwenda kuchukua kitu alichosahau. Kitu kimoja tu kilimsumbua: alipenda vipya. Simu zenye kioo kikubwa zilipofika kwetu yeye ndiye fundi wa kwanza niliyemwona akiagiza vifaa mtandaoni. Alikuwa akinionyesha picha tukiwa juu ya boda. "Dada Nafula, ona hii. Iko na nyota tano!"

Hizo nyota, vijana wangu, ngoja niwaambie habari zake. Mtu hupiga nyota siku anapofungua boksi. Ameona plastiki inang'aa, amebonyeza, taa imewaka, amefurahi: nyota tano. Aliyeumizwa hana mkono wa kupigia nyota. Kwa hiyo ukisoma maneno ya wanunuzi, wapite wote wanaosema "imefika salama," mtafute yule anayelalamika. Malalamiko ndiyo yenye kazi ndani yake.

Kalamu ya Bwambale ilikuja kwa basi kutoka Kampala. Tulikuwa tunatoka kazini upande wa park, kule mbuga ya wanyama, tukaipokelea Kikorongo, pale magari makubwa yanaposimama. Hakungoja tufike nyumbani. Alirarua karatasi kwa meno, akaweka betri, akaenda moja kwa moja kwenye friji ya mama muuza soda. Ikalia. Madereva wa malori wakapiga makofi. Akapima taa ya duka, ikalia. Akapima kichwa changu, ikanyamaza, akasema, "Dada, wewe hauna moto," na watu wakacheka. Nikacheka pia.

Tangu siku hiyo ilikaa kwenye mfuko wa shati. Hata kanisani. Jumapili moja tumefumba macho, mchungaji anaomba kwa sauti ya chini, kalamu ikaanza kupiga kelele yenyewe: pi-pi-pi-pi! Bwambale alikuwa ameketi karibu na kebo ya spika na mfuko umebonyeza swichi. Mchungaji hakufumbua macho. Akasema, "Hata vyuma vimesikia, na nyinyi bado hamjasikia." Aleluya ya siku ile ilikuwa kubwa.

Basi, ilikuwa kitu cha kuchekesha. Hivyo ndivyo kifaa kibovu kinavyoingia nyumbani: kinaanza kwa kukuchekesha.

Karusandara tuliitwa na mwenye mashine ya kusaga mahindi. Alitaka taa mpya juu ya kinu na kebo ya zamani itolewe darini. Mwenye mashine alituhakikishia kwamba kila kitu hapo kinatoka kwenye swichi moja kubwa ya nje. Nikatoka nje, nikazima swichi ile, nikaifunga kwa waya ili asije mtu akairudisha. Kinu kilinyamaza. Ndani Bwambale alikuwa ameshasimamisha ngazi ya mbao.

Kitu ambacho mimi na yeye hatukujua ni kwamba kebo moja darini haikutoka kwenye swichi ile. Miaka ya nyuma fundi mwingine aliivuta kutoka nyumba ya mwenye mashine, nyuma ya ukuta, ili taa iwake hata wakati kinu kimezimwa. Hata mwenye mashine alikuwa amesahau.

Nikasikia Bwambale akisema kutoka ndani, "Imekufa, Dada. Kalamu imenyamaza."

Nikamjibu, "Amusha kwanza!"

Sikujua kama alinisikia. Nilisikia kishindo.

Niliingia nikakuta ngazi imelala upande. Yeye alikuwa amedondoka kwenye magunia ya pumba, na pumba zilikuwa zimemfunika uso, nyeupe, kama mtu aliyepakwa unga. Nikasimama mlangoni kwanza. Ndiyo, nilisimama. Thembo alitufundisha kwamba mtu wa pili hufa kwa haraka yake. Nikatazama kama waya wowote umemgusa. Haukumgusa, ulikuwa unaning'inia juu, mbali naye. Ndipo nikamkimbilia, nikamfuta pumba puani na mdomoni, nikamwita. Akafumbua macho. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiwiko, na vidole viwili vilikuwa vyeusi nchani.

"Ilinyamaza," aliniambia. "Nafula, ilinyamaza." Hakuniita Dada. Ndipo nilipoogopa.

Tulimpakia kwenye pikapu ya mwenye mashine tukampeleka hospitali. Njia nzima nilimshika kichwa, nikaomba kwa lugha zote ninazozijua. Daktari aliufunga mkono na kusema mfupa utaunga, ila kidole kimoja hakitapinda tena vizuri. Mkewe alikuja, akatazama vile vidole, akashukuru Mungu na kulia kwa pamoja. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye benchi na ile kalamu mkononi. Nilikuwa nimeiokota kwenye pumba. Nikaibonyeza. Katochi kake, kale ka kumulikia gizani, kakawaka, safi kabisa, kama hakukutokea kitu.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika. Lakini hasira bila kujua sababu ni kelele tu. Nikaenda nayo kwa Biira.

Biira alikuwa injinia kijana pale kiwandani nilipoanzia kazi, msichana wa kwetu wa milimani aliyesoma Kampala akarudi. Alinipokea kwa heshima, akaacha chakula chake, tukaenda karakana. Alichukua kalamu yake ya kazini, nzuri, ya bei kubwa, akaiweka kando ya ile ya Bwambale. Tukaanza kuzijaribu zote mbili kwenye waya mmoja wenye moto.

"Mama, simama kwenye sakafu," akasema. Zote zililia.

"Sasa panda ngazi ya mbao." Nikapanda. Ya kwake ililia. Ya Bwambale ililia kwa shida, ikikatika katika.

"Sasa washa tochi yake." Nikawasha. Ikanyamaza kimya.

Tukatoa betri tukaipima kwa mita. Ilikuwa imechoka, si ya kutupwa, imechoka tu. Betri mpya ilipowekwa, kalamu ikalia vizuri hata ngazini.

Biira alinieleza kwa utaratibu, naye alieleza vizuri kuliko mtu yeyote. Kalamu haigusi shaba. Inasikia umeme kwa mbali, na ili isikie inahitaji mwili wako uwe kama mlango wa nyuma wa kwenda ardhini. Ukiwa sakafuni mlango uko wazi. Ukiwa juu ya mbao kavu, na viatu vya raba, mlango umebaki ufa. Kalamu nzuri inasikia hata kupitia ufa. Na kalamu nzuri, betri ikichoka, inakataa kuwaka kabisa au inatoa alama, ili ujue ni mgonjwa. "Hii ina kasoro mahali pabaya, Mama," alisema. "Inaishiwa nguvu ya kusikia kabla ya kuishiwa nguvu ya kuwaka. Inaonekana nzima, kumbe ni kiziwi."

Nilikaa na neno hilo. Kalamu iliyokufa kabisa ingekuwa bora. Bwambale asingeiamini.

Biira aliniazima ile ya kwake kwa muda. Nami nikaanza kupima za mafundi wengine, maana kumbe zilikuwa zimeenea kama mafua. Hapo ndipo nilipojifunza mengi ninayowafundisha. Maandishi ya usalama ubavuni, msiyape imani: plastiki hukubali kuchapwa chochote, na nimeona moja imeandikwa "hatari" kwa herufi zilizokosewa. Angalieni kifuniko cha betri; kikicheza, betri nayo itacheza ndani, na siku moja itacheza wakati wewe uko juu. Pelekeni ncha kwenye soketi inayofanya kazi, tundu moja moja. Nzuri inalia kwenye tundu la moto na kunyamaza kwenye jirani yake. Ikililia matundu yote na ukuta pia, ni mwoga, inaogopa kila kitu, na mwoga naye utamchoka na kumpuuza. Isugueni kwenye sweta. Ikilia kidogo na kuacha, hiyo ni kawaida, lakini ikiendelea kulia haina akili. Halafu mtihani mkubwa: wekeni betri iliyochoka, ile mliyoitoa kwenye saa ya ukutani, pandeni ngazi ya mbao, washeni tochi, muiulize kuhusu waya mnaoujua una moto. Ikinyamaza huku inawaka, itupeni. Msimpe hata adui.

Na kuna kitu hata ile nzuri haisikii. Hamukungu, kwa wavuvi, mtu mmoja alinipigia simu akifurahi kwamba waya za paneli zake za jua ni salama, kalamu imenyamaza. Nilimpigia kelele asiguse. Umeme wa paneli na betri haupigi mawimbi, unakwenda moja kwa moja tu, na kalamu ni kiziwi kwake hata ikiwa ya dhahabu. Hapo ni mita yenye ncha mbili.

Basi habari ikanifikia kwamba Bwera, karibu na mpaka, Mama Kavira ameagiza kwa simu katoni nzima ya kalamu kama ile ya Bwambale, rangi ile ile, na mafundi wa pande zote mbili za mpaka wanazinunua. Nikasema nitakwenda. Bwambale akasema, "Twende." Mkono ulikuwa bado umening'inizwa shingoni. Tangu aanguke alikuwa hajagusa ngazi, hata ya kukatia parachichi nyumbani. Nilimwona siku moja anaitazama ngazi, kisha anazunguka upande wa pili wa nyumba.

Mama Kavira alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyevuka kutoka Kongo na kufungua duka la vifaa: balbu, misumari, kufuli. Mlango wake ulikuwa wa bati zito la kukunja.

"Karibu, Mama Fundi! Karibu, Papa! Muko nanunua nini leo?"

Nilimweleza. Uso wake ulibadilika.

"Mama, mimi siko mubaya," alisema. "Hii kalamu beko nayo kila mahali. Batu banapenda. Nani alikutuma? Bale ba duka ya pale?"

"Hakuna aliyenituma. Mtazame huyu."

Bwambale akafungua kitambaa, akamwonyesha vidole. Kavira akatazama, akaguna kwa huruma. "Pole sana, Papa. Lakini labda ile ya yako ilikuwaka mubovu. Ya mimi iko muzuri."

"Tuzipime hapa hapa," nikasema. "Zikiwa nzuri nitakwambia mbele ya watu wote."

Alikubali. Alijiamini, na mimi nikampenda kwa hilo. Nikatoa betri zangu zilizochoka. Tukapima moja baada ya nyingine kwenye waya wa taa yake, Bwambale akibadilisha betri kwa mkono wa kushoto. Nyingi zikawaka na kunyamaza. Kavira aliendelea kutikisa kichwa. "Hizo betri biko bya kufa. Nani anawekaka betri ya kufa?"

"Kila mtu, Mama. Betri haipigi simu kusema leo nimechoka."

Akasonya. Nikaona hatutafika. Nikageuka kuchukua ile kalamu ya Biira kaunta, niwaonyeshe tofauti, na nilipopita karibu na mlango wa bati, ikalia mkononi mwangu.

Nikasimama. Nikaisogeza kwenye soketi, ikalia. Nikaisogeza kwenye mfuko wa misumari, ikanyamaza. Nikairudisha mlangoni. Ikalia kama mbuzi.

"Huu mlango," nikasema, "hauwaumi?"

Kavira akacheka. "Ah, ule! Unaumaka wakati ya mvua. Inakutetemesha kidogo. Tunavaaka sandali, tunafungua. Batoto banachezaka nayo, banagusa, banakimbia, banacheka."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikapima na kalamu yangu." Akachukua moja kaunta, ile aliyoitumia yeye mwenyewe kila siku kuonyesha wateja. Akaiwasha. Taa ikawaka vizuri. Akaiweka juu ya bati. Kimya. Akaibonyeza tena, akaikandamiza kwa nguvu. Kimya. "Ilinyamaza hivi hivi," alisema, na sauti ikaanza kumpungua. "Nikasema iko baridi tu."

Nje, mtoto wake mdogo wa kike alikuwa ameketi kwenye ngazi ya sementi, kando ya ule mlango, anamenya muwa.

Kavira alitoka kaunta akambeba. Alimbeba bila kumwambia neno, akampeleka nyuma ya duka, akarudi peke yake. "Zima yote, Mama Fundi," akasema. "Zima."

Tulizima kutoka nje. Nikapima kwa kalamu ya Biira, nikaamsha, nikauliza, nikaamsha, kisha nikahakikisha kwa mita. Tukakuta waya wa kuingilia umepitishwa kwenye tundu la fremu bila kitu cha kuukinga, na kila mlango ulipokunjwa bati lilisugua plastiki mpaka shaba ikatoka. Siku za kiangazi mlango haukuuma sana. Siku moja ya mvua kubwa, mtoto miguu mitupu kwenye maji, ingetosha. Nilikata kile kipande, nikavuta waya mpya ndani ya bomba, na fremu nikaiunganisha na waya wa ardhi.

Nilipomaliza nilimkuta Kavira amemimina katoni nzima kaunta. Nilidhani atazitupa mtoni. Hamumjui mfanyabiashara. Alimwomba Bwambale koleo, akashika kalamu ya kwanza, akaikata ile ncha nyeupe, tap! Akaiwasha. Tochi ikawaka.

"Tochi iko tochi," akasema. "Nitaiuzisha kama tochi. Lakini hakuna mutu ataiuliza tena kama waya iko na moto."

Bwambale akaanza kucheka. Alikuwa hajacheka tangu Karusandara. Akachukua koleo kwa mkono wa kushoto, wakakata pua zote, yeye na Kavira, wakishindana, mpaka kaunta ikajaa vincha vyeupe kama meno ya mtoto. Na za watu waliokwisha kununua? Kavira alituma neno sokoni na kwenye karakana za ng'ambo: rudisha kalamu, chukua kufuli. Wengi walirudisha. Alipata hasara, lakini alilala usingizi.

Baada ya siku ile masista wa kituo cha afya cha Bwera walisikia habari zetu, wakatuita. Wodi yao ya wazazi ilikuwa haina taa, waya zimeliwa na panya, na mama mmoja alikuwa amejifungua kwa mwanga wa simu. Tulifika asubuhi. Dari ilikuwa juu, ngazi yao ya mbao, ndefu. Chumba cha jirani kulikuwa na mama mwingine aliyekuwa ameanza uchungu. Tulisikia sauti yake kupitia ukuta.

Nilizima, nikafunga swichi, nikashika ngazi nipande. Goti langu lilikuwa limeshaanza kunisumbua miaka ile, nikaweka mguu wa kwanza nikaguna kwa maumivu.

"Shuka," Bwambale akasema.

Nilimtazama. Mkono ulikuwa umepona, kidole kimoja kimesimama kama kinaonyesha njia. Uso wake ulikuwa na jasho ingawa kulikuwa na baridi ya milimani.

"Si lazima," nikamwambia. "Polepole nitafika."

"Najua utafika. Shuka, Dada."

Nikashuka, nikashika ngazi kwa mikono miwili. Kwanza alikwenda kwenye soketi ya ofisi ya sista, yenye laini yake peke yake, akaiweka kalamu ya Biira. Ililia. Akarudi, akapanda. Hakupanda kama zamani. Alipanda kila ngazi kama mtu anayeijaribu kama ipo. Katikati alisimama, na nilihisi mbao zikitetemeka mikononi mwangu, nikazikaza tu badala ya kumwita, maana kuna wakati sauti ya mtu mwingine ni mzigo. Sauti ya yule mama ikapanda ukutani, ikashuka. Bwambale akaendelea.

Juu, akauliza waya. Kimya. Akashuka mpaka chini kabisa, akaenda tena kwa soketi ya sista. Ikalia. Akapanda tena, safari hii na mita. Akagusisha ncha mbili, akatazama, akagusisha tena.

Kisha akaiweka mita mfukoni, akatazama ule waya kwa muda. Akanyoosha mkono wa kulia, ule ule, akaushika waya kwa vidole vyote pamoja na kile kisichopinda.

Hakuna kilichotokea.

Akabaki ameushika. Halafu, bila kutazama chini, kwa sauti yake ya kila siku, akasema, "Dada Nafula, umelala? Nipe koleo."